Nondo wa Kooni: Mafindofindo na Dawa za Kichina, Butembo na Beni

Mafindofindo ni uvimbe wa tezi mbili zilizokaa nyuma ya kinywa, moja kulia na moja kushoto, pale njia ya chakula na njia ya hewa zinapokutana. Kazi ya tezi hizo ni ulinzi. Hunasa vijidudu vinavyoingia na chakula, mate na pumzi, na kuufundisha mwili kuvitambua. Kazi hiyo huwa kubwa zaidi utotoni, ndiyo maana mtoto wa shule huugua mafindofindo mara nyingi kuliko mtu mzima. Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo ambako maneno mengi ya hospitali yameingia kwa Kifaransa, watu husema mtoto ana anjini, au amigdali zimevimba, au koo linamuuma tu.

Mtoto akiketishwa mlangoni penye mwanga, akapanua kinywa na ulimi ukakandamizwa kwa mpini wa kijiko safi, tezi huonekana bila shida. Zikiwa nzima ni vinundu vidogo vya rangi ya nyama ya kinywa. Zikiugua huwa nyekundu na kutuna, wakati mwingine hadi kukaribia kukigusa kilimi kinachoning'inia katikati, na juu yake hutokea madoa meupe au ya manjano, kama maziwa yaliyoganda. Mtoto hukataa uji, hutema mate badala ya kuyameza, na chini ya taya huwa na vivimbe vinavyouma vikiguswa.

Waganga wa China waliupa ugonjwa huu jina kutokana na picha hiyohiyo. Waliuita ru'e, yaani nondo wa maziwa: tezi iliyotuna huonekana kama nondo, na utando mweupe juu yake ni kama maziwa. Tezi ikivimba upande mmoja ni nondo mmoja. Zikivimba zote ni nondo wawili. Jina zuri kiasi hicho halikutungwa na mtu aliyetazama haraka.

Katika tiba ya Kichina, nondo huyo ana zaidi ya chanzo kimoja, na kila chanzo kina dawa yake. Ugonjwa ukianza ghafla kwa homa, kichwa kuuma na koo kuwasha, husemwa kwamba upepo na joto la nje vimeingia kupitia njia ya mapafu. Homa ikiwa kali, kiu nyingi, kinywa kikinuka na choo kikiwa kigumu, joto limekwisha kuzama hadi mapafuni na tumboni. Na mtu ambaye koo lake limekauka kwa miezi, linalouma kidogo hasa jioni bila homa kubwa, huhesabiwa kuwa amepungukiwa na yin, ule unyevu wa ndani unaotuliza moto wa mwili. Kabla ya kuchagua dawa, mganga hutazama koo, hutazama rangi na utando wa ulimi, hushika mshipa wa mkono na kuuliza maswali. Wagonjwa wawili wenye koo jekundu wanaweza kutoka kwake na vifurushi viwili tofauti.

Mojawapo ya dawa za zamani zinazojulikana ni fupi. Zhang Zhongjing, aliyeandika karibu mwaka 200, aliagiza mzizi mtamu wa gancao peke yake kwa maumivu ya koo, na usipofaa, uongezwe mzizi wa jiegeng. Mizizi hiyo miwili imo hadi leo katika dawa nyingi za Kichina za koo na kikohozi. Miaka 1,600 baadaye, mwaka 1798, Wu Jutong alieleza katika kitabu chake cha magonjwa ya homa mchanganyiko wa Yin Qiao, ambao ndio unaotajwa zaidi kwa mafindofindo yanayoanza. Humo mna machipukizi ya maua ya jinyinhua, tunda la lianqiao, mnanaa, mbegu za niubang, jiegeng, gancao na majani mengine machache. Wu Jutong aliagiza dawa isichemshwe muda mrefu: harufu ikishapanda kwa nguvu, chungu kiepuliwe. Kwa hoja yake, dawa ya sehemu za juu za mwili inapaswa kubaki nyepesi. Ikichemka mno huwa nzito na kushuka tumboni. Mpishi yeyote anayejua kwamba mnanaa hutiwa mwishoni ataelewa anachosema, hata kama hakubaliani na nadharia ya upepo na joto.

Mbali na majani kuna sindano. Mganga huchoma nukta ya hegu, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ili kupunguza maumivu. Nukta hiyo huepukwa kwa mwanamke mwenye mimba. Nukta nyingine, shaoshang, iko kwenye pembe ya ukucha wa kidole gumba. Hiyo hudungwa kidogo na kukamuliwa matone machache ya damu, kwa imani kwamba joto hutoka nayo. Pia kuna unga wa kupuliza kooni, unaotengenezwa kwa boraksi na vitu vyenye ubaridi kama kafuri.

Swali la kama dawa hizi zinafaa lina jibu la nusu. Baadhi ya mimea hiyo, ikiwemo jinyinhua na lianqiao, imeonyesha katika maabara uwezo wa kuzuia vijidudu na kupunguza uvimbe, lakini bakuli la maabara si koo la mtoto. Mwaka 2012 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 12 ya majani ya Kichina kwa maumivu ya koo. Baadhi ya michanganyiko ilionekana kuwapa wagonjwa nafuu kuliko dawa iliyolinganishwa nayo, ila majaribio yenyewe yalikuwa yamefanywa kwa udhaifu mkubwa kiasi kwamba watafiti hawakuweza kupendekeza hata mchanganyiko mmoja kwa uhakika. Ikumbukwe pia kwamba mafindofindo mengi huletwa na virusi na hupona yenyewe kwa muda wa wiki moja hivi. Dawa yoyote inayonywewa siku ya tatu itasifiwa siku ya saba.

Afrika Mashariki iliijua tiba hii kwanza kupitia waganga wenyewe. Kikosi cha kwanza cha madaktari wa China kilifika Zanzibar mwaka 1964. Kongo, wakati huo Zaire, ilipokea chake mwaka 1973. Katika miaka ya 1990 zilifunguliwa kliniki binafsi za Kichina Dar es Salaam, ambako mgonjwa aliweza kuketi mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Butembo na Beni hali ni tofauti. Huku dawa ya Kichina hufika zaidi kama bidhaa kuliko kama tiba. Butembo, mji ulio kwenye vilima vya zaidi ya mita 1,700, umejengwa na wafanyabiashara wa kabila la Wanande ambao kwa miaka mingi wamekwenda kununua mali Dubai, Hong Kong na Guangzhou. Mzigo hushushwa Mombasa, huvuka Uganda, huingia mpakani Kasindi, hupita Beni na kupanda hadi Butembo. Kwa barabara hiyo hupita vitambaa, simu, pikipiki na vipuri, na kwa barabara hiyohiyo huja mafuta ya kuchua, chai za dawa na vidonge vyenye maandishi ya Kichina. Boksi hufika. Mtu wa kutazama ulimi na kushika mshipa hafiki nalo.

Hapo ndipo penye hatari, na si kwa sababu majani ni ya Kichina. Boksi lisilosomeka ni hatari hata likitoka Ulaya. Mfano wa karibu ni vidonge vya Yin Qiao vilivyochanganywa na vitamini C, vinavyouzwa kwa wingi duniani. Jina ni la mchanganyiko wa Wu Jutong, lakini ndani, pamoja na majani, mna parasetamoli na klorofenamini, dawa ya mafua inayoleta usingizi. Chembechembe za Ganmaoling, maarufu kwa homa na mafua, nazo zina parasetamoli. Mama anayempa mtoto vidonge hivyo akidhani ni majani matupu, kisha akaongeza sharubati ya parasetamoli ya farmasi kwa sababu homa haijashuka, anampa dawa ileile mara mbili, na parasetamoli ikizidi huharibu ini.

Liu Shen Wan, vidonge vidogo vyeusi kama mbegu za mchicha, ni kisa kizito zaidi. Huagizwa kwa koo lililovimba sana, na miongoni mwa viungo vyake vya asili ni sumu ya chura na jiwe jekundu lenye aseniki. Sumu ya chura hufanya kazi moyoni kwa namna inayofanana na digoksini: kidogo huongeza nguvu ya mapigo, ikizidi huyavuruga. Waganga wa China wenyewe huihesabu kwa punje na kuikataza kwa mwenye mimba. Mzizi wa shandougen, nao ukiwa dawa ya koo, hutumika kwa gramu chache tu. Ukizidi huleta kutapika, kizunguzungu na hata degedege. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachofaa kununuliwa kwa kukisia.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika muda unaopotea. Kati ya watoto wanaofika kituo cha afya kwa maumivu ya koo, kama mmoja kwa kila wanne ana bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A. Huenezwa kwa matone ya kikohozi na pumzi, hasa pale watu wanapolala wengi chumba kimoja. Beni na maeneo yake yameshuhudia mauaji na uhamaji wa watu tangu Oktoba 2014, na familia mbili au tatu chini ya paa moja si jambo geni. Wengi hulaumu baridi ya asubuhi ya Butembo au vumbi jekundu la kiangazi. Vumbi huwasha koo kweli, lakini streptokoki anahitaji koo la mtu mwingine ili afike.

Maumivu ya streptokoki nayo huisha yenyewe, na ndiyo hila ya ugonjwa huu. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupona, mwili wa baadhi ya watoto, zaidi wa miaka 5 hadi 15, huanza kushambulia viungo vyake wenyewe, kana kwamba bado unapigana na bakteria. Goti huvimba na kuuma, kisha maumivu huhamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Maungo hupona, vali za moyo huweza kubaki na makovu. Miaka baadaye msichana anayepanda kilima cha Butembo na mtungi wa maji huanza kutweta njiani, au mama mjamzito hushindwa kupumua akilala chali, na hakuna anayekumbuka koo lililouma alipokuwa darasa la tatu.

Dawa ya kuzuia yote hayo ni ya zamani na ya bei nafuu. Streptokoki wa kundi A hajawahi kuonekana akiishinda penisilini. Mtoto anaweza kupigwa sindano moja tu ya penisilini benzathini, yuniti 600,000 akiwa chini ya kilo 27 na yuniti milioni 1.2 akizidi hapo. Au anywe amoksisilini kwa siku 10 kamili. Siku 10 ni nyingi kwa mzazi ambaye mtoto wake amepata nafuu siku ya tatu, na vidonge vinavyobaki huwekwa kabatini kwa ajili ya mwingine. Hapo ndipo tiba nyingi zinapovunjika. Kinachotia moyo ni kwamba hata tiba ikianza siku ya 9 tangu koo kuuma, bado huukinga moyo, kwa hiyo siku mbili za chai ya majani hazijaharibu kitu ikiwa zinafuatwa na safari ya kituo cha afya. Na hata moyo ukishaanza kuguswa, nafasi haijaisha: katika utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kutangazwa mwaka 2021, watoto 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa vali walifuatiliwa kwa miaka 2. Kati ya waliochomwa penisilini kila baada ya wiki 4, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8, kati ya wasiochomwa, kwa asilimia 8.2.

Muuguzi asiye na kipimo cha maabara hutumia ishara nne: homa ya zaidi ya nyuzi 38, vivimbe vinavyouma mbele ya shingo, utando juu ya tezi, na kukosekana kwa kikohozi. Zikiwepo zote au tatu, streptokoki hushukiwa. Mtoto anayekohoa, mwenye mafua na macho mekundu, yaelekea ana virusi, na antibiotiki haitamsaidia. Kwa mshangao wa wengi, mganga wa Kichina aliyefunzwa na muuguzi wa hospitali ya Kitatumba au Matanda, Butembo, wanakubaliana hapa: hakuna dawa kabla ya kutazama.

Butembo na Beni kuna sababu ya ziada ya kutazama. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ambao ulianzia upande wa Mangina na kuenea Beni, Katwa na Butembo, ulimalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ugonjwa ulirudi eneo la Butembo Februari 2021, Beni Oktoba 2021, na mgonjwa mmoja akapatikana tena Beni Agosti 2022. Ebola inapoanza haina damu. Huanza na homa, uchovu, maumivu ya kichwa na misuli na, kwa baadhi, koo kuuma. Mtu anaweza kuzichukulia dalili hizo kuwa anjini au malaria na kwenda pale palipo karibu. Mwaka 2018 mjini Beni, palipo karibu palikuwa mara nyingi vituo vya tradimoderni, vyumba vinavyochanganya miti shamba na sindano za kizungu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba sehemu kubwa ya maambukizi ya mjini humo, yakiwemo ya watoto walioletwa kwa malaria, yalipitia katika vituo hivyo. Haikuwa miti iliyowaua. Ilikuwa sindano iliyotumika kwa mwingine, kitanda kisichosafishwa, mkono usiooshwa kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Ndiyo maana tiba ya kudunga pembe ya ukucha na kukamua damu, ambayo katika hospitali ya Nanjing ni jambo dogo, katika chumba cha Beni ni jambo kubwa. Inahitaji sindano mpya iliyofunguliwa mbele ya mgonjwa, glavu, na boksi la kutupia vyenye ncha. Pasipo hivyo vitatu isifanywe, na nafuu inayokosekana ni ndogo. Kukata kilimi kwa wembe, desturi inayopatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa watoto wenye kikohozi na koo, hakumo katika tiba ya Kichina, na huleta kutokwa damu na maambukizi bila kugusa tezi zinazougua.

Watu wa vilima vya Lubero na Beni hawana haja ya kufundishwa kwamba mti unaweza kuwa dawa. Mashambani mwao umelimwa mti wa kwinini, ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. China nayo ina kisa cha qinghao: Tu Youyou alisoma katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba majani hayo yaloweshwe na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akabadilisha njia yake ya kutoa dawa, akitumia joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo ambamo baadaye ilipatikana artemisinini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na vidonge vya malaria vinavyotolewa leo Beni vina asili huko. Kati ya kitabu cha zamani na kidonge palikuwa na kupima, kuhesabu na kujaribu. Yin Qiao bado haijapitia njia hiyo kwa kina kile.

Kwa hali ilivyo, majani yana nafasi ya kupunguza maumivu wakati koo linapona. Chai ya mnanaa na gancao, au tangawizi na asali kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, hulainisha koo na kumrudisha mgonjwa kwenye kunywa. Kusukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu husaidia mtoto mkubwa anayejua kutema. Kituoni boksi la dawa lipelekwe pamoja na mtoto, ili anayeandika dawa ajue kilichokwisha kumezwa. Zipo pia dalili zisizosubiri chai: mtoto anayeshindwa kumeza mate yake, anayepumua kwa sauti, asiyeweza kufungua taya, mwenye tezi moja iliyosukuma kilimi upande wa pili kwa usaha, au mwenye utando wa kijivu ulioshika kooni na kutoka damu ukiguswa, ambao ni ishara ya dondakoo.

Kwa mafindofindo yanayorudi, mganga wa Kichina huacha dawa za kufukuza joto na kutumia za kurudisha unyevu, kama mizizi ya xuanshen na maidong, kwa wiki nyingi. Daktari wa upasuaji naye huhesabu: mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3, ndipo huzungumzia kuzitoa tezi. Upasuaji huo hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Siku zinazofuata mahali palipokuwa na tezi hufunikwa na utando mweupe, ambao wazazi huuona kuwa usaha kumbe ni kidonda kinachopona. Mtoto hupewa uji uliopoa na maji kidogo kidogo, na huangaliwa hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, utando unapobanduka, kwa kuwa damu inaweza kutoka tena. Ikitoka, hata kama ni kidogo, hurudishwa hospitali siku hiyohiyo.